Jedwali la 4 kwa hadithi ya misafara

Dada, nimekuelewa: binti yako wa darasa la tatu hapo Dodoma anaimba jedwali la 4 vizuri, ukimuuliza ghafla 4 mara 7 anakwama, ila hadithi za zamani anazipenda mno. Basi anzia huko huko.

Watoto ninaowafundisha nawapa hadithi za misafara ya biashara ya karne ya 19. Ikipita Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, ililipa hongo (hapa ni ushuru wa njia, si rushwa) kwa watemi, yaani watawala wa huko, mara nyingi nguo, ndipo ipate njia na maji. Nguo ilipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka 1, shuka 2 ni doti 1. Mpe khanga kuukuu aipime kwa mkono wake. Kisha awe mtemi anayedai shuka 7. Mikono mingapi? Apange mbegu za alizeti mafungu 7 ya nne nne, ahesabu, ndipo aandike 4 × 7 = 28. Tafadhali usiruke mbegu, hapo ndipo anaona kuzidisha ni nini. Doti zitampa jedwali la 8, maana doti 1 ni mikono 8.

Akizoea, mwonyeshe Wamisri wa kale walivyozidisha kwa kurudufu. Kwa 6 × 7, rudufu 7: mara 1 ni 7, mara 2 ni 14, mara 4 ni 28. Kwa kuwa 6 ni 2 + 4, jumlisha 14 na 28, unapata 42.

Angalizo: baadhi ya misafara ilisafirisha watumwa. Akiuliza mwambie ukweli, lakini watu wasiwe vitu vya kuhesabia mchezoni.

Wiki zikipita na bado mafungu madogo yanamshinda, zungumza na mwalimu wake, na apimwe macho na masikio hospitalini.