Rangi ya ukuta wa mbele inababuka kila mwaka, nianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nyumba yetu iko Kigamboni, ina miaka sita. Nimeipaka rangi mara mbili ndani ya miaka mitatu, na kila masika ikipita, sehemu ya chini ya ukuta wa mbele inababuka na kutoa ungaunga mweupe. Inaniudhi kwa sababu hapo hapo ukutani ndipo nilipotengeneza tuta la maua, nalimwagilia kila jioni na limependeza kweli. Fundi anashauri tubandike mawe ya urembo hadi usawa wa dirisha. Mume wangu anataka pevingi uwanja wote mpaka getini. Mimi nataka mtu akipita barabarani aione nyumba aseme hapa wanaishi watu. Fedha iliyopo inatosha jambo moja tu kwa sasa. Nianze na lipi?

JIBU: Dada, anza na koleo. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali lako: tuta limeegemea ukuta, na linanyweshwa kila jioni.

Tofali la saruji lina vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza maji kama utambi wa kibatari. Nyumba hujengewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi, kile mafundi wanachokiita dipisi, ili maji ya ardhini yasipande. Sasa ukirundika udongo ubavuni mwa ukuta hadi juu ya usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege, umekiruka hicho kizuizi. Maji yanaingia kwa ubavuni, yanapanda, yanatafuta pa kutokea. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi ikiganda nyuma ya rangi huvimba na kuisukuma. Huo ndio ungaunga wako. Ungepaka rangi ya bei ghali kuliko zote dukani, ingebabuka vilevile.

Kabla hujaniamini, zunguka nyumba. Kama kuta za pembeni zisizo na tuta ni nzima, kosa ni la tuta. Kama zote zimebabuka, na vyumbani pia, basi huenda dipisi haikuwekwa au imepasuka, na hiyo ni kazi nyingine ya kumwita fundi mzoefu akague. Uliza pia mchanga wa lipu ulitoka wapi. Mchanga wa ufukweni huja na chumvi yake, na ukishaingia ukutani hautibiki mpaka lipu ibanduliwe.

Mawe ya urembo sikushauri, angalau si sasa. Unyevu hauondoki kwa kufunikwa. Ukizibiwa chini utapanda juu ya mawe, na mwaka ujao rangi itababuka usawa wa dirisha badala ya chini ya ukuta. Rangi ya mafuta ina kosa hilo hilo, nayo mafundi wengi huipaka chini eti kwa sababu inafutika kirahisi. Wazee wa pwani walipaka chokaa, na chokaa huacha ukuta upumue.

Hamisha tuta lisogee kama sentimita 60 kutoka ukutani. Shusha udongo uliobaki mpaka uwe sentimita 15 chini ya jamvi, kisha kwenye ule ukanda mtupu mwaga kokoto. Kokoto zina kazi mbili: maji yanazama upesi, na matone ya mvua hayarushi tope ukutani. Lile doa la kahawia unaloliona chini ya kuta za majirani ni tope la kurushwa tu.

Lipu iliyooza ibandueni hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi isuguliwe kwa brashi ya waya ikiwa kavu. Usiioshe, maana maji huirudisha ndani. Uache ukuta wazi ukauke wiki kadhaa za kiangazi, na hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa sababu nyumba inaonekana vibaya na wageni wanauliza. Vumilia. Kisha lipu mpya ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, mchanga wa mtoni usio na chumvi. Subiri siku 28 ndipo upake rangi ya maji ya nje.

Kuhusu rangi yenyewe, jua la Dar halina huruma na buluu kali wala nyekundu ya kung'aa. Rangi za udongo, kama kahawia, njano ya mchanga na nyekundu ya matofali, hudumu zaidi. Chagua mbili zinazopatana na bati lako, basi. Ikibaki fedha kidogo, iende kwenye grili na geti: sugua kutu yote, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu ya mafuta. Upepo wa bahari hula chuma kabla ya kitu kingine, na geti ndilo mpita njia analoliona kwanza.

Shemeji nami tukutane katikati. Gari linahitaji pevingi mapito mawili ya matairi na njia ya miguu. Uwanja wote ukifunikwa unakuwa tanuri mchana. Na maji je? Paa la mita 10 kwa 12 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita 2,400, na maji hayo yakikosa udongo wa kuzama yatakuja mlangoni au yatakwenda kwa jirani. Popote mtakapoweka pevingi, pawekwe mteremko wa sentimita mbili kila mita kuelekea nje, kamwe si kuelekea nyumba. Gata na simtanki vingesaidia, ila hilo ni la mwakani.

Maua: bogonvilia ipande kwenye fensi, inapenda jua na huchanua vizuri zaidi ikinyimwa maji kidogo, kwa hiyo mpira wako wa jioni upumzike. Mwasumini uuweke karibu na kibaraza, kwa ajili ya harufu ya usiku. Fikasi usiguse karibu na nyumba, mizizi yake nimeiona ikiinua pevingi na kupasua ukuta wa fensi. Nje ya geti usijenge kitalu wala kuziba mtaro, ile ni hifadhi ya barabara na siku ikichongwa greda halitauliza maua ni ya nani. Sehemu itakayobaki panda ukoka, lakini subiri vuli ianze. Ukipanda Januari utamwagilia mpaka uchoke.