Ukirudi kwenye uzi, usianze na kazi uliyoiacha

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nilitoka nyumbani kwetu Goma na mfuko wa makaratasi, blanketi moja, na triko, yaani sweta, niliyokuwa namfumia mama. Mgongo na kifua vilikuwa vimekwisha, mkono mmoja umefika kwenye kiwiko. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, haikufika kwetu. Ila ardhi haikuacha kutetemeka, na tarehe 27 ilipotoka amri ya kuhama mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, tulishika barabara ya Sake pamoja na umati, mama akiwa tayari mgonjwa.

Alifariki mwaka huohuo. Triko ilikaa ndani ya mfuko miaka miwili, sindano bado zimeshika vitanzi.

Nawaandikia ninyi wenye mfuko kama huo chini ya kitanda.

Nilipotaka kurudi, nilianzia palepale nilipoachia. Nilifuma mistari sita, nikaweka chini nikalia. Siku ya pili nilipoitazama kwenye mwanga, niliona mistari ile sita imebana kuliko yote iliyotangulia, imeacha alama kama kovu. Huzuni huvuta uzi. Vidole vinakaza bila wewe kujua, na mabega yanapanda hadi masikioni.

Kwa hiyo anza na kitu kisichomngoja mtu. Vitanzi 20, sindano za milimita 5, kila mstari uleule, hadi kipande kiwe mraba. Kisha fuma kingine. Chagua uzi mnene wa rangi nyepesi, maana umeme ukikatika jioni, kwenye uzi mweusi huoni kitanzi kilichodondoka, na kufumua gizani kunakatisha tamaa. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Mimi ni kwenye kipande cha nne ndipo sindano zilianza kuteleza zenyewe.

Uzi mpya ukikushinda bei, tafuta triko kuukuu kwenye mitumba, Birere au soko la Virunga. Igeuze ndani kabla ya kulipa. Ukiona mshono umekatwa na kuzungushiwa nyuzi za mashine, iache, utapata vipandevipande tu. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja, hiyo inafumuka vizuri.

Ile triko ya mama niliigusa tena baada ya miezi mitatu. Mama mmoja jirani alinikuta nimeipakata, akaniambia, "Mwanangu, kama haitavaliwa, ifumue. Mama yako hakupenda kitu kikae bure." Nilikasirika. Usiku nilichomoa sindano.

Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Nawaeleza hapa polepole, kwa sababu wengi huutupa wakidhani umeharibika. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kamba sehemu nne bila kukaza, uutoe. Uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uusuuze. Usiukamue kwa kuusokota, ubane ndani ya taulo. Kisha uutundike kivulini, chupa yenye maji kidogo ikining'inia chini yake. Sufu hunyooka vizuri. Akriliki, uzi wa kiwandani usio wa manyoya, hubaki na mawimbi kidogo, lakini ukishafumwa hayasumbui. Tundikeni ndani ya nyumba, jamani: vumbi jeusi la barabara zetu likiingia kwenye uzi mbichi, ni kuosha upya.

Wakati ule uzi umetundikwa, maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni usiku kucha, nami nililala. Kwa muda mrefu sikuwa nimelala hivyo.

Kuna wanaotaka kuihifadhi kazi kama ilivyo, sindano na yote. Sitawapinga, hata kidogo. Ila wachomoe sindano, wapitishe uzi mwingine kwenye vitanzi na kuufunga, ili sindano zipate kazi nyingine.

Uzi wa mama ni wa bluu. Umetoa kofia mbili za watoto wa dada yangu, kwa baridi ya asubuhi wakienda shule, na bonge moja limebaki kwenye kikapu, karibu na kiti changu.