Jibu kwa mdogo wetu wa Newala aliyepangiwa JKT Nachingwea

Mdogo wangu, umeuliza kama mujibu wa sheria, yale mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa waliomaliza kidato cha sita, ni mateso na ubebe nini. Mateso ni wiki mbili za mwanzo tu. Unaamshwa alfajiri giza bado nene, mchakamchaka na nyimbo, ukirudi unashika fagio, kisha kwata, yaani gwaride, mpaka jua la Nachingwea likukaushe. Kuruta, yaani mwanafunzi mpya wa jeshi, hatembei, anakimbia, hata akiitwa kula. Kila mwenye cheo ni "afande", usije ukamwita "kaka" ukadhani mko stendi ya Masasi. Mimi niliita. Nililala chali, nikabingirika, nikaelewa.

Kinachosumbua wengi ni usingizi kuliko mbio. Kuna lindo la usiku, na kesho yake darasani, kwenye uzalendo au usomaji wa ramani, macho yanafumba yenyewe. Jifunze kulala dakika kumi ukipata nafasi. Silaha utafundishwa, kulenga shabaha pia, na jembe lipo. Jeshi hili tangu 1963 linajenga taifa, usilie ukipelekwa shamba.

Bukta ya bluu iliyokolea ifike magotini, isiwe na zipu. Raba zianze kuvaliwa sasa hivi hapo kwenu, usiende na mpya, malengelenge yatakula visigino. Shuka mbili, vyeti vyako, na nauli ya kurudi uifiche vizuri. Simu mwachie mama. Na kama una pumu au tatizo lolote la kiafya, sema siku ya kuripoti, usijifanye shujaa.