Kitasa cha Kabati: Anza na Mwanya, Ufunguo Baadaye

"Shikamoo fundi. Kitasa nilichobuni kilifunga vizuri Februari. Mvua zimeanza, na sasa ufunguo hauzunguki mpaka niinue mlango kwa goti."

Ujumbe umetoka kwa kijana seremala wa Moshi, pamoja na picha nne. Marahaba, kijana. Ufunguo wako ni mzuri, meno yamekatwa na mkono uliotulia. Ila umeanzia mwisho. Kabati linafungwa na ulimi unaoingia kwenye fremu, na huo unatoka mm 3 tu nje ya mlango. Umehangaika wiki nzima na meno, ulimi ukaukata kwa macho.

Kabla hujashika msumeno wa chuma, pima mlango wenyewe: unene wake, mwanya kati yake na fremu, na unavyoshuka ukiachwa wazi.

Unene hauna maneno mengi. Mlango wa kawaida wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ni mm 18. Ukichimba shimo la kitasa la mm 10.5 kwa patasi, zinabaki mm 7.5 upande wa nje, na hapo usiende chini zaidi. Ukifika mm 5, siku mtu akivuta mlango kwa hasira utapasukia kwenye tundu la ufunguo.

Mwanya ndio wenye kesi. Mbao za sipresi, paina na grevilea ambazo wengi wetu Arusha na Moshi tunazitumia zinanywa unyevu masika na kuutoa jua likirudi, na zinatanuka kwa upana, si kwa urefu. Unyevu wa ubao ukipanda kwa asilimia 4, mlango wa mbao tupu wenye upana wa mm 400 unaweza kuongezeka mm 3 hadi 4. Umeacha mwanya wa mm 2 Februari? Aprili mlango umeshakula mwanya wote na unasukuma fremu, ulimi umebanwa kwenye tundu lake. Hakuna ufunguo wa kutibu hilo. Dawa ni kutengeneza mlango wa fremu na paneli: vipande viwili vya kusimama vya mm 60 kila kimoja ni mm 120 tu za mbao ya kutanuka, zitaongezeka mm 1 na kidogo, na paneli inacheza ndani ya mfereji wake bila kumsumbua mtu. Kama lazima iwe mbao tupu na unaitengeneza kiangazi, acha mm 4. MDF haitanuki hivyo kwa upana, ila ikinywa maji pembeni inavimba kwa unene na hairudi. Pakeni rangi kingo zote, hata ile ya chini ambayo mteja haioni.

Kushuka kwa mlango kunahesabika. Chukua mchezo (ulegevu) wa bawaba ya juu, zidisha kwa upana wa mlango, gawanya kwa umbali kati ya bawaba mbili. Mchezo wa mm 0.5, upana mm 450, umbali mm 500: mlango unashuka mm 0.45 upande wa kitasa, si kitu. Lakini skrubu ya bawaba ikilegea mm 2, unashuka mm 1.8, na kama tundu la fremu limekatwa sawasawa na ulimi, ulimi unagonga ukingo wa tundu. Ndiyo maana kijana wetu anatumia goti. Ulimi wenye kimo cha mm 12 upe tundu la mm 15, na hizo 3 za ziada ziende chini, maana mlango haupandi. Upande wa unene usiwe mkarimu: ulimi wa mm 3, tundu mm 3.5 hadi 4. Ukizidisha hapo, mlango utagongagonga kila gari likipita.

Sasa ulimi utoke kiasi gani? Mwanya mm 2, na ndani ya fremu unataka angalau mm 5 au 6. Jumla mm 8. Namba hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa ufunguo, wala si kinyume chake. Ufunguo unausukuma ulimi kwa jino linaloingia kwenye pengo lililokatwa chini yake. Urefu wa jino kutoka katikati ya ufunguo uwe mm 7, na ukingo wa chini wa ulimi ukae mm 5 kutoka hapo hapo katikati. Saba mara saba ni 49, toa 25, zinabaki 24, kipeuo chake ni 4.9. Jino linaushika ulimi kuanzia mm 4.9 upande mmoja hadi 4.9 upande wa pili: mm 9.8. Pengo likiwa pana kuliko jino kwa mm 1 unapoteza hiyo moja, na pembe za jino zikilainishwa kwa tupa inaondoka nyingine kidogo. Unabaki na 8 yako. Atakayekata jino la mm 5.5 ili "kitasa kiwe kidogo" afanye hesabu hiyo hiyo aone anapata ulimi wa aina gani.

Unene wa ndani upangwe kama sahani kabatini. Bati la msingi mm 1.5, ulimi mm 3, leva tatu (vibamba vinavyoinuliwa na ufunguo) za mm 1.5 ni 4.5, nafasi ya kupumulia 0.5, kifuniko mm 1. Jumla 10.5, ile ile tuliyochimba. Ulimi uwe wa shaba ya njano kama unaipata, kwa sababu chuma laini juu ya chuma laini hukwaruzana, na baada ya miezi kadhaa vinaanza kung'ang'aniana.

Leva ndizo zinazofanya ufunguo wa jirani usifungue. Kila leva ina vyumba viwili vilivyounganishwa na kichochoro chembamba, na ulimi una kigingi cha mm 3 kinachopita humo. Leva ikiinuliwa sawasawa, kigingi kinapita. Ikiinuliwa pungufu, kinagonga ukuta. Ikiinuliwa kupita kiasi, kinagonga ukuta wa upande wa pili, na huo ndio ujanja ambao Mwingereza Robert Barron aliupatia hataza mwaka 1778. Wengi wanakata ukuta mmoja tu. Kitasa cha namna hiyo kinafunguka kwa msumari uliokunjwa, kwa kuwa ukiinua kila kitu mpaka mwisho kazi imekwisha.

Matumbo ya leva, yaani ukingo wa chini unaoguswa na ufunguo, yakae mm 4 kutoka katikati ya ufunguo. Hapo jino la leva la mm 5 linainua kwa mm 1, la 6 kwa 2, la 7 kwa 3. Vimo vitatu kwa leva tatu ni funguo 27 tofauti. Toa zile 3 ambazo meno yote yanalingana, zinabaki 24. Kwa nyumba moja zinatosha na kubaki. Kichochoro kiwe mm 3.4 kwa kigingi cha 3. Vitabu vitakwambia ubane zaidi. Vumbi la hapa Unga Limited, Arusha, wakati wa kiangazi linakwambia usibane.

Springi za leva usizitafute mbali. Uzi wa gitaa wa chuma, ule mwembamba usiozungushiwa waya, wenye unene wa mm 0.4 hivi, unafaa kabisa. Ukunje baridi. Ukiupitisha kwenye moto umeshaua springi, unabaki na waya wa kufungia kuku.

Shina la ufunguo ni msumari wa inchi 6, ambao una unene wa karibu mm 6. Jino ni bati la mm 3, liunganishwe kwa kuchomelea shaba. Upana wake uwe mm 7.5: tatu za ulimi, nne na nusu za leva. Kata meno ya leva kwa tupa bapa jembamba, kidogo kidogo, huku kifuniko kiko wazi ili uone kigingi kimekaa wapi mbele ya kichochoro. Ukizidisha kukata, usijaribu kurekebisha leva ili ifuate ufunguo. Tupa jino, kata jingine. Ukianza kukimbizana na leva, utapanua vichochoro vyote vitatu na ufunguo wowote utafungua.

Skrubu za kufungia kitasa ni mm 3.5 kwa 16, na kwenye MDF tangulia na tundu la drili ya mm 2.5. Ukisukuma skrubu kavu, MDF inapasuka tabaka na kitasa kitaning'inia kabla ya Krismasi.

Na mteja asidanganywe. Kitasa hiki kinamzuia mtoto na mgeni mdadisi. Mwenye tindo hatahangaika na leva zako, atavunja zile mm 7.5 za MDF.

Ukimaliza, usitie oili. Oili na vumbi ni ugali. Saga risasi ya penseli laini, 4B au zaidi, pulizia unga wake kwenye leva na chini ya ulimi. Zungusha mara 50 kifuniko kikiwa wazi, kisha 50 kikiwa kimefungwa, kisha 50 mlangoni. Kikikwama hatua ya pili, kifuniko kinabana leva: weka washa ya karatasi ngumu chini ya nguzo zake. Kikikwama hatua ya tatu tu, kitasa hakina kosa. Rudi kwenye tundu la fremu, paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga, fungua, uone chaki imebaki wapi.