Ankara Iliyokuja Baada ya Kurudisha Funguo

SWALI: Ndugu Mhariri, nilihama nyumba ya kupanga tarehe 12 na siku hiyohiyo nikamkabidhi mwenye nyumba funguo. Wiki sita baadaye ameniletea ankara za umeme na maji za mwezi mzima wa siku 30, akisema atazikata kwenye amana yangu. Nilipolalamika, alipendekeza tugawane kwa siku: mimi nilipe siku 12, yeye 18. Ninayo picha ya mita ya umeme niliyoipiga nikiondoka, lakini ya maji sikuipiga. Je, nikubali?

*Mpangaji wa zamani*

JIBU: Ndugu msomaji, kwa upande wa umeme usikubali, ingawa pendekezo hilo linasikika kuwa la haki. Ankara uliyotutumia inaonyesha kwamba mita ilisoma 48,232 mwanzoni mwa mwezi na 48,652 mwishoni, yaani uniti 420, ilhali picha yako ya tarehe 12 inasoma 48,316. Kwa hiyo wewe ulitumia uniti 84, na uniti 336 zilizosalia zilitumika baada ya funguo kutoka mikononi mwako, pengine na mafundi au mpangaji aliyekufuata. Mkigawana kwa siku utalipia uniti 168, ambazo ni mara mbili kamili ya matumizi yako. Kugawa kwa siku ni njia ya kukisia, nayo hutumika pale ambapo hakuna aliyesoma mita, ilhali wewe uliisoma. Tozo isiyotegemea matumizi, kama ile ya huduma ya kila mwezi, ndiyo inayofaa kugawanywa kwa siku, na sehemu yako ya siku 12 huna budi kuilipa.

Ihifadhi picha hiyo katika simu iliyoipiga, kwa sababu programu nyingi za kutumiana ujumbe huondoa taarifa za tarehe na saa zilizofichwa ndani ya faili. Hakikisha pia kwamba namba ya mita inayoonekana katika picha ndiyo iliyoandikwa kwenye ankara. Katika majengo yenye mita nyingi zilizopangwa ukutani, si ajabu mtu akalipishwa umeme wa jirani kwa miaka bila yeyote kugundua.

Maji yana ugumu zaidi, na hapa hatuwezi kukuahidi ushindi kamili. Kwanza angalia kama usomaji uliomo kwenye ankara ni halisi au ni wa makadirio, jambo ambalo kwa kawaida huonyeshwa kwa neno au herufi ndogo pembeni mwa namba. Kama ni makadirio, omba mita isomwe upya kabla ya kulipa chochote. Kama ni halisi, tumia historia yako: ankara zako za awali zinaonyesha wastani wa mita za ujazo 9 kwa mwezi, na kwa siku 12 hiyo ni 3.6, lakini sasa unadaiwa 30. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na ongezeko kubwa namna hiyo katika mwezi mmoja huashiria bomba au tangi la choo linalovuja, au ukarabati uliofanyika baada yako. Makisio ya 3.6 si ushahidi wenye nguvu kama picha, lakini ni msingi unaoeleweka wa kuanzia mazungumzo.

Mwandikie mwenye nyumba barua, hata kama mmezoea kupigiana simu. Taja tarehe ya kukabidhi funguo, ambatisha picha na ankara za nyuma, kisha mwombe akuonyeshe usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa kila mita. Lipa papo hapo sehemu usiyoipinga na uchukue risiti. Anayekataa kulipa hata anachokiri kuwa ni chake hudhoofisha hoja yake mbele ya msuluhishi.

Kuna jambo hukulitaja: akaunti za huduma hizo ziko kwa jina la nani? Kama ni lako, mtoa huduma ataendelea kukuhesabu wewe kuwa mdaiwa hadi utakapoifunga kwa maandishi, hata kama nyumba ina mtu mwingine. Katika hali hiyo barua ya kwanza, tena leo, iende kwake, ukiomba akaunti ifungwe kwa usomaji wa tarehe 12.