Mjane Ambaye Huenda Mumewe Alikuwa Hai

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza, fundi aliyekuja Jinja kujenga bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Katika Biblia aliyotuachia imeandikwa kwamba babu yake, mfumaji wa Leeds, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Wakefield mwaka 1889. Lakini katika sensa ya 1881 mkewe ameandikwa kuwa mjane. Nisadiki kipi, na nitajuaje yaliyompata mzee huyu na watoto wake?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, usiharakishe kuitilia shaka Biblia. Nchini Uingereza ugonjwa wa akili haukuwa sababu ya talaka hadi sheria ya mwaka 1937, kwa hiyo mwanamke ambaye mumewe alilazwa asirudi alibaki mke wa mtu miaka yote, haruhusiwi kuolewa tena, na huku watoto wanamtegemea yeye peke yake. Si ajabu mama wa namna hiyo kumjibu karani wa sensa kwamba ni mjane, na mimi siwezi kumlaumu. Hata kwetu Uganda ziko familia zinazosema mgonjwa wao "amesafiri".

Anza na cheti cha kifo. Vifo vya huko vimesajiliwa na serikali tangu Julai 1837, na cheti hutaja mahali na sababu. Ukisoma kwamba alikufa kwa "kupooza kwa wendawazimu", ujue kuwa huo ni ugonjwa ambao mwaka 1913 ulithibitishwa kutokana na kaswende iliyoingia kwenye ubongo. Pokea habari hiyo kwa upole, maana huenda mkewe naye aliumia kwa ugonjwa huohuo.

Kisha tafuta madaftari ya hospitali yenyewe. Ile ya Wakefield ilifunguliwa mwaka 1818, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika mji huohuo. Daftari la wagonjwa hueleza alivyofika, ndugu walisema nini kumhusu na hali yake ilivyobadilika. Rejista ya taifa ya wagonjwa wa akili, iliyoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, na inayoanzia 1846, itakuonyesha kama aliwahi kuruhusiwa kwenda nyumbani kisha akarudishwa, jambo lililowapata wengi. Katika sensa, wagonjwa mara nyingi waliandikwa kwa herufi za kwanza za majina tu, kwa hiyo linganisha umri, kazi na mahali pa kuzaliwa.

Habari za watoto zitafute kwingine. Maskini alilazwa kwa amri ya hakimu na cheti cha daktari mmoja, ilhali mgonjwa wa kulipiwa na jamaa zake alihitaji madaktari wawili. Gharama za maskini zilibebwa na ofisi ya misaada ya eneo lake, na ofisi hiyo ilitaka kujua ana mke, ana watoto wangapi na wanakula nini. Huko ndiko nyanya yako huyo anaweza kuonekana akiomba msaada kwa jina lake mwenyewe.

Unapowaandikia watunza nyaraka, waombe pia waangalie kama ndani ya daftari kuna barua. Katika hospitali za wakati ule, barua ambazo wagonjwa waliwaandikia jamaa zao wakati mwingine hazikutumwa, bali zilibandikwa kwenye kurasa zao.