Skeli au sikio? Jibu la mpiga tarumbeta wa Tanga

Mkuu, umeuliza kama skeli, yaani ngazi ya noti toka do hadi do ya juu, ni lazima kwa anayetaka kupiga solo za jazi kwa tarumbeta, au sikio linatosha. Mimi jibu nililipata kwa aibu, mbele ya watu.

Nimekulia Ngamiani, tarumbeta nimejifunzia harusini. Mnapanda pikapu, mnapiga wimbo uleule toka kwa bwana harusi hadi ukumbini, ufunguo mmoja, yaani noti ileile ya nyumbani, na hakuna anayelalamika. Siku moja bendi ya hoteli moja huko Raskazone ikapungukiwa mtu, nikaitwa. Mpiga gita akasema, "Twende E." Magita yanaipenda sana E. Sasa tarumbeta letu la B flati linaandikiwa toni moja juu, kwa hiyo E yake kwangu ni F shapu: shapu sita, yaani noti sita za kupandishwa nusu toni! Vidole viligoma. Nikapiga noti mbili tatu, kisha nikajifanya namwaga mate ya tarumbeta mpaka wimbo ukaisha.

Kwa hiyo ndiyo, skeli ni lazima, na funguo zote 12. Kinachotuponza ni kuzipanda na kuzishuka tu kama fundi rangi ukutani. Ukija kwenye solo utapanda na kushuka vilevile.

Kama umepita kwaya, solfa (do, re, mi) unayo, itumie. Skeli ya do ukiianzia re ukaishia re ya juu, hiyo ni doriani. So hadi so ni miksolidiani. Noti ni zilezile. Na jazi imejaa msafara huu wa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (siyo zile za TRA): ya re, ya so, halafu ya do. Zote zimo ndani ya skeli moja, ndiyo maana mtu hudhani noti yoyote itafaa. Itafaa, lakini haitasema kitu. Sikiliza do inavyoshuka kwenye ti pale kodi ya re inapoipisha ya so, kisha fa inavyoshuka kwenye mi mnapofika do. Ni nusu toni mbili tu, lakini hata gita likinyamaza msikilizaji anajua umefika. Nilikaa na noti hizo nne karibu mwezi mzima.

Chukua ufunguo mmoja kwa wiki, polepole. Imba kwanza, ndipo upulize. Anzia noti ya tatu, ya tano, popote. Midomo ikichoka, bonyeza pistoni tu huku unaimba. Majirani nao wapumzike.

Wimbo wa kuanzia: "So What" ya Miles Davis, 1959. Doriani ya D baa 16 (baa moja ni mapigo manne), ya E flati baa 8, kisha D tena baa 8. Kwenye tarumbeta lako zitakuwa E na F. Skeli mbili tu, ukiishiwa cha kusema kila mtu anasikia.

Halafu majina yasikuchanganye: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapa kwetu zilipiga dansi, kodi hizi usizitafute huko.

Ile hoteli hawajaniita tena. E sasa naijua.